Maswali na Majibu: Kazi za Uchapaji, Wagavi na Programu ya Kuzisimamia

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja, nalo ni namna ya kusimamia kazi za uchapaji zinazopitia mikononi mwa wagavi mbalimbali, na iwapo programu ya mtiririko wa kazi inaweza kweli kupunguza makosa, ucheleweshaji na mabishano ya malipo. Tumezifupisha pale zilipokuwa ndefu bila kubadilisha kiini cha maswali.

Mchapaji alichapa toleo la zamani la faili

*Ndugu Mhariri, mimi ni msimamizi wa uzalishaji katika shirika linalochapisha vitabu na majarida. Tunafanya kazi na wachapaji, wauza karatasi, wajalidi na wasafirishaji, na kila kitu tunakiendesha kwa barua pepe pamoja na lahajedwali moja inayojazwa na watu kadhaa. Hivi karibuni mchapaji alichapa toleo la zamani la faili ingawa tulikuwa tumemtumia jipya, naye anasisitiza kwamba alichapa kile alichoidhinishiwa. Je, programu ingelizuia kosa hili, au tutakuwa tumehamishia vurugu ileile kwenye mfumo mwingine?*

Ndugu msomaji, programu ingeweza kulizuia kosa hilo kwa sharti moja: idhini iwe imefungwa kwenye faili lenyewe, isiwe imeelea katika mazungumzo. Ukiichunguza barua pepe, utaona kwamba mambo matatu yanayopaswa kwenda pamoja yanasafiri kila moja peke yake. Vipimo vya kazi viko katika barua ya kwanza, faili liko katika barua nyingine, na neno "sawa, endeleeni" liko katika barua ya tatu ambayo haisemi ni sawa kwa lipi. Mchapaji wako alikuwa na idhini ya Jumanne na faili la Jumatano, na hapakuwa na kitu chochote kilichomwambia kwamba faili jipya limeifuta idhini ya awali. Kwa hiyo anasema kweli, na ninyi pia mnasema kweli, na hasara imebaki palepale.

Katika mfumo uliojengwa vizuri, kila kazi ina namba moja. Chini ya namba hiyo kuna vipimo, kuna faili lenye namba ya toleo, kuna prufu (nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa) iliyotolewa kutokana na toleo hilohilo, na kuna jina la mtu aliyeidhinisha pamoja na tarehe na saa. Mtu akipakia toleo jipya, idhini ya toleo lililotangulia inafutika yenyewe, kazi inarudi kwenye hatua ya kusubiri prufu, na mchapaji anaona wazi kwamba haruhusiwi kutengeneza plati, yaani bamba la kuchapia. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia muuzaji anapokuonyesha programu yake. Ikiwa faili jipya linaweza kuingia huku alama ya "imeidhinishwa" ikiendelea kung'aa, basi hiyo ni ghala ya mafaili tu, hata kama ina michoro ya kupendeza kiasi gani.

Namba ya kazi nayo isiishie kwenye kompyuta. Iandikwe kwenye oda ya ununuzi, kwenye jina la faili, kwenye prufu, kwenye kadi ya kazi inayotembea na karatasi kiwandani, kwenye lebo ya kila boksi, kwenye hati ya kukabidhi mzigo na kwenye ankara. Kitabu kinapochapwa upya, kipewe namba mpya inayotaja ile ya zamani, kwa sababu kazi ya kuchapa upya ndiyo inayodanganya watu kuliko zote: kila mmoja anadhani haina mabadiliko, kumbe bei imebadilika, ukurasa wa hakimiliki umebadilika, na karatasi ya mara ya kwanza haipatikani tena.

Kuhusu kuidhinisha, nakusihi sana uweke jina la mtu katika kila hatua. "Idara ya uhariri" haiwezi kuidhinisha chochote, bali mhariri fulani anaweza, na akiwa likizo mfumo uwe na jina la anayeshika nafasi yake. Vilevile idhini iseme ni ya kitu gani. Prufu ya kwenye skrini inatosha kukagua maneno, mpangilio na mfuatano wa kurasa, lakini rangi haiidhinishwi kwenye simu. Kwa kazi ambayo rangi ina uzito, hitaji prufu ya karatasi iliyotengenezwa kwa kufuata hali ya uchapaji mliyokubaliana na mchapaji, nayo itazamwe chini ya mwanga sanifu wa kelvini 5,000 unaoelekezwa na kiwango cha ISO 3664. Watu wawili wanaoitazama prufu moja, mmoja dirishani na mwingine chini ya taa ya ofisi, wataona rangi mbili tofauti na watabishana kwa moyo mweupe kabisa.

Mafaili yenyewe yakaguliwe kabla hayajamfikia mchapaji, na programu nyingi hufanya ukaguzi huo zenyewe: kama fonti zote zimo ndani ya faili, kama picha zina nukta zipatazo 300 kwa inchi katika ukubwa zitakaochapwa, kama ziada ya milimita 3 ya kukatwa pembezoni ipo, na kama hakuna picha iliyoachwa katika rangi za skrini pale ambapo haitakiwi. Kubalianeni na kila mchapaji ni aina gani ya PDF/X (faili la PDF lililowekewa masharti ya uchapaji) anayoipokea, na jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu zake ndani ya mfumo. PDF/X-1a, iliyowekwa kuwa kiwango cha ISO mwaka 2001, hairuhusu tabaka angavu, yaani zinazoonyesha kilicho chini yake, na hudai rangi ziwe tayari katika wino wa uchapaji. PDF/X-4, iliyofuata mwaka 2008, inaruhusu tabaka hizo na kuachia mfumo wa mchapaji kazi ya kuzigeuza pamoja na rangi. Mchapaji mwenye vifaa vya zamani akipelekewa ya pili anaweza kupoteza kivuli cha picha au kupata kisanduku cheupe nyuma ya nembo, na kosa hilo halionekani mpaka karatasi zitoke mashinini.

Mabadiliko ya kwa simu ndiyo adui aliyebaki. Mteja anapiga, anaomba nakala 500 zaidi, fundi anakubali kwa wema, na mwisho wa mwezi hakuna anayejua nani aliahidi nini. Kanuni iwe kwamba badiliko ambalo halijaingizwa chini ya namba ya kazi halipo, na kanuni hiyo imfunge mkurugenzi sawasawa na inavyomfunga karani. Nimeona mifumo mizuri ikifa kwa sababu wakubwa waliendelea kutoa maagizo korido.

Mwisho, usiingize kazi zote za miaka iliyopita ndani ya mfumo mpya. Chagua tarehe, na kila kazi inayoanza baada ya tarehe hiyo iingie humo bila ubaguzi. Kabla ya kununua, chukua kazi moja iliyowahi kuwasumbua, yenye mabadiliko ya idadi katikati na mizigo ya kupelekwa sehemu tatu, kisha mwombe muuzaji aipitishe kwenye programu yake mbele yenu kuanzia kuomba bei mpaka kulipa ankara. Kazi ya mfano aliyokuja nayo mwenyewe huwa haina matatizo.

Bei za wachapaji watatu hazifanani hata kidogo

*Salaam, Mhariri. Ninanunua huduma za uchapaji kwa niaba ya taasisi. Nikiomba bei kwa wachapaji watatu, majibu yanatofautiana kiasi cha kunifanya nihisi kuna anayenidanganya. Muuzaji mmoja wa programu ameniambia kwamba mfumo wake unalinganisha bei wenyewe na kumpa kazi aliye chini kabisa. Nimwamini?*

Ndugu msomaji, mfumo utalinganisha tarakimu bila kukosea, lakini tarakimu hizo hazitakuwa na maana ikiwa wachapaji watatu wamekadiria vitu vitatu tofauti. Mara nyingi hakuna anayedanganya. Ombi la bei ndilo lililokuwa na mapengo, na kila mmoja ameliziba pengo kwa namna yake.

Tuchukue kitabu cha ukubwa wa A5, kurasa 160, nakala 5,000, na tuseme ombi limeandika "karatasi nyeupe ya kawaida" bila kutaja gramu. Mchapaji akitumia karatasi kubwa ya milimita 640 kwa 900, kurasa 16 za A5 zinaingia upande mmoja na 32 pande zote mbili, hivyo kila kitabu kinahitaji karatasi 5 na kazi nzima inahitaji karatasi 25,000. Akiongeza asilimia 4 kwa ajili ya kurekebisha mashine na zitakazoharibika wakati wa kukunja na kujalidi, anafikia 26,000. Karatasi moja ya ukubwa huo, ikiwa ni ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina uzito wa gramu 46 na kitu, kwa hiyo mzigo wote ni karibu kilo 1,198. Mchapaji wa pili amefikiria gramu 70, na mzigo wake ni karibu kilo 1,048. Hapo tayari kuna tofauti ya kilo 150 za karatasi kabla ya yeyote kupunguza faida yake hata kidogo, na karatasi ndiyo mara nyingi inayobeba sehemu kubwa ya gharama ya kitabu cha namna hiyo.

Madhara hayaishii kwenye bei. Kitabu cha kurasa 160 kina majani 80. Karatasi isiyopakwa ya gramu 80 ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo mgongo wa kitabu utakuwa na milimita 8 hivi. Msanifu akitengeneza jalada kwa kipimo hicho, kisha kazi ikaenda kwa mchapaji wa gramu 70, mgongo utapungua na jina la kitabu lililopaswa kukaa katikati litahamia ukingoni. Jalada limeharibika kwa sababu ya neno moja ambalo halikuandikwa kwenye ombi la bei.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza programu inalinganisha vipi, uliza inakulazimisha kuandika nini. Fomu ya kuomba bei isikubali kutumwa mpaka iwe na ukubwa wa kitabu kilichokwisha kukatwa, idadi ya kurasa bila jalada, aina na gramu za karatasi ya ndani na ya jalada, idadi ya rangi kila upande kwa namna wachapaji wanavyoandika, yaani 1/1 au 4/0 (rangi nne upande mmoja, mwingine mtupu) au 4/4, umaliziaji wa jalada, aina ya ujalidi, namna ya kufungasha, mahali pa kupeleka, siku faili litakapokuwa tayari na siku mzigo unapohitajika. Ongeza pia kwamba nyuzinyuzi zilizo ndani ya karatasi ziende sambamba na mgongo, maana kitabu ambacho nyuzi zake zinakwenda kinyume hufunguka kwa ukaidi na kurasa zake hupinda, hasa kinapojalidiwa kwa gundi. Wachapaji wazuri hufanya hivyo bila kuambiwa, lakini kazi inapotafutiwa bei ya chini, jambo hilo huwa la kwanza kutolewa kafara ili karatasi iliyopo ghalani itumike.

Omba vilevile bei ya kila nakala 1,000 za ziada. Katika uchapaji wa ofseti, plati na muda wa kuandaa mashine ni vilevile ukichapa nakala 500 au 5,000, ilhali karatasi, wino na muda wa kuchapa vinaongezeka kadiri ya idadi. Bei ya nyongeza inakuonyesha gharama hizo mbili zilivyogawanyika, na ndipo utakapoelewa kwa nini mchapaji fulani ni ghali katika nakala chache na nafuu katika nyingi. Mfumo wenye nafasi ya kurekodi bei hizo mbili utakusaidia zaidi ya ule wenye rangi za kijani na nyekundu.

Ama kuhusu kumpa kazi wa chini moja kwa moja, ningekizima kipengele hicho siku ya kwanza. Mfumo upange majibu, uonyeshe nani hakutimiza vipimo, kisha mtu mwenye jina achague na aandike sababu. Sababu hiyo ikiandikwa katika sentensi mbili siku ileile, itakulinda mbele ya wakaguzi kuliko maelezo marefu yatakayotungwa baada ya mwaka mmoja. Na hakikisha mchapaji mmoja haoni bei ya mwenzake. Jaribu mwenyewe kwa kuingia na akaunti ya mgavi, usitosheke na ahadi ya muuzaji.

Wagavi wadogo hawataki kuingia kwenye mfumo

*Mhariri, tumenunua programu nzuri, lakini wajalidi na wasafirishaji wetu wanasema hawana muda wa kukumbuka nywila nyingine. Tuwalazimishe?*

Msiwalazimishe. Mgavi anayepata kazi mbili kwa mwezi hana sababu ya kujifunza mfumo wenu, hasa ikiwa ana wateja wengine kumi na kila mmoja ana mfumo wake. Tafuteni programu inayoweza kumtumia ujumbe wenye kiungo cha kazi moja tu, akifungue bila kujisajili, aone vipimo, abonyeze "nimepokea" au "nimemaliza", basi. Asiyeweza hata hilo apewe kadi ya kazi iliyochapwa, na karani wenu aingize taarifa zake siku hiyohiyo kwa jina la karani. Kinachotakiwa ni taarifa kuwa sahihi na kuwa na mwenyewe, na si lazima iandikwe na mkono fulani. Punguzeni pia idadi ya hatua: mgavi akiombwa kubadilisha hali ya kazi mara kumi na mbili, atabadilisha zote pamoja jioni ya mwisho, na mtakuwa mnasoma hadithi.

Nimewekwa kwenye orodha nyekundu bila kosa

*Ndugu Mhariri, nina karakana ya kujalidi vitabu. Mteja wangu mkubwa ameanza kutumia mfumo unaotoa alama kwa kila mgavi, na mimi nimeandikwa kuwa mchelewaji. Ukweli ni kwamba karatasi zilizochapwa hunifikia zikiwa zimechelewa tayari, na mara nyingine wino haujakauka vizuri. Naogopa kulalamika nisije nikapoteza kazi. Nifanye nini?*

Ndugu yangu, malalamiko yako ni ya haki, na ningependa wateja wanaosoma safu hii wayapime kwa makini kuliko barua nyingine yoyote iliyomo humu.

Kosa liko katika namna saa ilivyowekwa. Mfumo wa mteja wako unachukua tarehe moja ya mwisho iliyopangwa mwanzoni, kisha unamtoza uchelewaji aliyekuwa wa mwisho kuushika mzigo. Mjalidi huwa wa mwisho karibu siku zote, kwa hiyo anabeba siku zilizopotezwa na mwandishi aliyekawia kurudisha prufu, muuza karatasi aliyeleta ukubwa mwingine na mchapaji ambaye mashine yake ilisimama. Kipimo cha haki huhesabu siku za kazi za kila hatua kuanzia mgavi wa hatua hiyo alipopokea kila anachokihitaji. Mchapaji saa yake ianze baada ya prufu kuidhinishwa na karatasi kufika. Yako ianze baada ya karatasi zote, pamoja na majalada, kufika zikiwa katika hali ya kufanyiwa kazi.

Kwa hiyo kila hatua ihifadhi tarehe tatu: iliyoahidiwa mwanzo, iliyokubaliwa upya kama kulikuwa na mabadiliko, na iliyotokea kweli. Tarehe ya pili isiruhusiwe kuingia bila sababu, na sababu ichaguliwe katika orodha fupi: faili lilichelewa, prufu haikurudishwa, karatasi haikufika, hatua iliyotangulia ilichelewa, mashine iliharibika, vipimo vilibadilishwa. Baada ya miezi michache orodha hiyo itamweleza mteja wako jambo ambalo hakutarajia, kwa sababu mara nyingi sehemu kubwa ya ucheleweshaji huanzia ofisini kwake mwenyewe.

Kwa upande wako, jilinde wakati wa kupokea. Omba ruhusa ya kuingiza mapokezi mwenyewe chini ya namba ya kazi. Mzigo unapofika, hesabu karatasi za kila sehemu ya kitabu, kwa maana kitabu chenye sehemu tano kinapungukiwa kwa ile iliyo chache kuliko zote, hata kama nyingine nne zimezidi. Chukua karatasi moja kutoka katikati ya rundo, ipapase kwa kidole kilicho kikavu, na uigeuze utazame upande wake wa nyuma. Wino ambao haujakauka, uzito wa rundo ukiukandamiza, hujiacha nyuma ya karatasi iliyo juu yake na kutoa kivuli cha maandishi. Ukiiingiza karatasi hiyo kwenye mashine ya kukunja, doa litaenea na litahesabiwa kuwa ni lako. Piga picha, andika "imepokelewa ikiwa na wino mbichi, tunasubiri ikauke", na saa yako isimame mpaka mchapaji au mteja ajibu. Andiko la namna hiyo halimshutumu mtu. Linaeleza hali ya karatasi saa fulani ya siku fulani, na mteja mwenye busara atakushukuru.

Kwa wateja, kuna mambo mawili zaidi. Alama za ubora zihesabu malalamiko yaliyothibitishwa, si yaliyoandikwa tu, na mgavi apewe nafasi ya kujibu ndani ya mfumo kabla alama haijakaa. Pili, msilinganishe asilimia bila kutazama idadi: mgavi aliyefanya kazi nne na kuchelewa moja ana asilimia 25 za uchelewaji, na mwenye kazi 200 aliyechelewa 20 ana asilimia 10, lakini kutoka katika kazi nne hamwezi kujua lolote la uhakika juu ya tabia yake. Mkimwadhibu mgavi mzuri kwa makosa ya wengine, atajifunza kuomba siku kumi kwa kazi ya siku sita, ataonekana kijani mwaka mzima, na vitabu vyenu vitachelewa zaidi kuliko mwanzo.

Je, mashine zizungumze na programu?

*Mhariri, ninaendesha kiwanda cha uchapaji chenye programu ya makadirio na ratiba. Fundi wetu anasema mashine tunazotaka kununua zinaweza kupokea maelezo ya kazi moja kwa moja kwa JDF. Inafaa kulipia?*

JDF ni muundo wa kuandika maelezo ya kazi ya uchapaji katika lugha ya kompyuta iitwayo XML, ili programu ya ofisi, vifaa vya kuandaa plati, mashine ya kuchapa, ya kukunja na ya kukata zisome maelezo yaleyale. Ulianzishwa na Adobe, Agfa, Heidelberg na MAN Roland, ukakabidhiwa kwa CIP4, muungano wa kampuni za sekta ya uchapaji, na toleo 1.0 likatoka mwaka 2001. Pamoja nao kuna JMF, ambao ni ujumbe unaorudi kutoka mashinini: kazi imeanza, imesimama, karatasi kadhaa nzuri, kadhaa zimeharibika. Mwaka 2018 CIP4 ilitoa XJDF, muundo uliorahisishwa kwa ajili ya kubadilishana taarifa kati ya mifumo. Kabla ya yote hayo kulikuwa na PPF, muundo wa faili wa CIP3 (muungano uliotangulia CIP4), ambayo hupeleka kwenye mashine kiasi cha wino kinachotakiwa katika kila ukanda wa karatasi, na mashine nyingi bado zinaitumia hivyo.

Inafaa kulipia ikiwa mna kazi nyingi fupi, kwa sababu muda unaookolewa ni ule wa kuandaa mashine, na kazi 15 kwa siku zina maandalizi 15. Ikiwa mnachapa kazi chache ndefu, faida inapungua sana. Kabla ya kuweka sahihi, kumbuka kwamba mashine mbili zinaweza zote kutajwa kuwa zinaelewa JDF na bado zisielewane, kwa kuwa kila mtengenezaji hutekeleza sehemu tu ya muundo huo. Dai kuona programu yenu hasa ikipeleka kazi kwenye aina ya mashine mnayoinunua, na ikipokea hesabu kutoka kwake.

Mimi ningeanza na upande wa kurudi. Makadirio yenu yanasema kuandaa mashine kunachukua muda fulani na kuharibu karatasi kadhaa, lakini ni nani aliyepima mara ya mwisho? Hata kabla ya JDF, kompyuta ndogo kando ya mashine yenye vitufe vya kuanza, kusimama na kumaliza itawapa takwimu za kweli za kurekebishia bei zenu, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya kuunganisha mashine.

Tuliagiza 3,000, tumeletewa 3,180

*Ndugu Mhariri, tuliagiza vijitabu 3,000. Mchapaji ameleta 3,180 na ankara yake ni ya 3,180. Anadai ni desturi ya uchapaji. Mfumo wetu umeikubali ankara bila kuuliza. Tulipe?*

Desturi anayoitaja ipo. Kwa kuwa mchapaji hawezi kujua kwa hakika ni karatasi ngapi zitaharibika, katika nchi nyingi biashara hii imezoea kuruhusu idadi izidi au ipungue, mara nyingi hadi asilimia 10, na mteja akalipa kile alichopokea. Lakini desturi huziba pengo la mkataba tu. Kama oda yenu ilitaja kiwango kingine, oda ndiyo inayoshika. Kama haikutaja chochote, mchapaji ana hoja, na nakala 180 ni asilimia 6.

Kuanzia sasa, wekeni kiwango hicho katika vipimo, tangu kwenye ombi la bei, maana mchapaji aliyeambiwa asilimia 2 atakadiria tofauti na aliyeambiwa 10. Kazi kama tiketi zenye namba au mitihani haziwezi kupungua hata nakala moja, na hilo nalo liandikwe. Kisha rekebisheni namna mfumo unavyopitisha malipo. Ankara ilinganishwe na oda pamoja na hati ya mapokezi, na hati hiyo itiwe sahihi na mtu aliyehesabu mzigo, ambaye asiwe ndiye aliyeagiza wala anayelipa. Kuhesabu kutarahisika mkiagiza kila boksi liwe na idadi sawa, lebo yenye namba ya kazi, na boksi la mwisho lenye pungufu liwekewe alama. Kwa kiwango cha asilimia 5, vijitabu 3,000 vinaruhusu mpaka 3,150. Ankara ya 3,180 ingesimama yenyewe, ikaenda kwa mtu mwenye jina, naye angeamua kama zile 30 zinalipiwa, zinapokelewa bure au zinarudishwa.